Kanzidata ya kukodi ipimwe kwa siku mambo yatakapoharibika

Usiku wa Januari 31, 2017, fundi mmoja wa kampuni ya GitLab alikuwa amechoka. Kampuni hiyo huhifadhi kazi za waandishi wa programu kutoka kila pembe ya dunia, na tangu jioni kanzidata yake ilikuwa imelemewa. Zilikuwepo seva mbili: moja kuu, na nyingine ya akiba iliyopaswa kunakili kila kinachoingia kwenye ile kuu. Ya akiba ilikuwa imebaki nyuma na inagoma kunakili. Ilipofika saa tano usiku kwa saa za Greenwich, fundi akaamua kufuta folda ya data kwenye seva ya akiba ili aanze kunakili upya. Akaandika amri, akabonyeza. Sekunde moja au mbili baadaye akang'amua kwamba amri ile ameitoa kwenye seva kuu. Akaisitisha palepale. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilizosalia zilikuwa 4.5.

Kilichofuata kinatosha kumkosesha usingizi yeyote anayetunza data za watu. Nakala rudufu ya kila siku ilipotafutwa, ghala lake lilikutwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL ilhali kanzidata yenyewe ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa ikishindikana kila siku. Barua pepe za kuonya zilikuwa zikitumwa, lakini mfumo wa barua ulizikataa kabla hazijamfikia mtu. Njia moja baada ya nyingine ikajaribiwa, na kila moja ikawa na kasoro yake. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Kuirejesha kulichukua takribani saa 18, kwa sababu ilikuwa kwenye diski za polepole. Kila kilichoandikwa kwenye kanzidata katika yale masaa sita kilipotea: miradi, maoni na akaunti za wateja wapya.

GitLab walifanya jambo ambalo kampuni nyingi haziwezi kuthubutu. Walirusha kazi ya kurejesha data moja kwa moja mtandaoni, kisha wakachapisha maelezo kamili ya nini kilivunjika na kwa nini. Kwa sababu hiyo tunajua habari hii kwa undani, na kwa sababu hiyo naona ina manufaa kuliko vipeperushi vyote vya wauzaji.

Walikuwa wakiendesha PostgreSQL kwa mikono yao wenyewe juu ya mashine za kukodi. Kunakili, kuonya na kurejesha, yote yalikuwa juu yao. Wenye mawingu, yaani kampuni zinazokodisha kompyuta na huduma zake kupitia mtandao, wanakuja na ahadi ya kukubebea sehemu kubwa ya mzigo huo. Amazon walitoa huduma yao ya kanzidata ya kukodi, RDS, mwezi Oktoba 2009, ikianza na MySQL peke yake. Microsoft wakaja na SQL Azure mwanzoni mwa 2010, na Google wakaanza kujaribu Cloud SQL mwaka 2011. Siku hizi hata SACCOS ya wilayani, zahanati binafsi au duka la jumla la Kariakoo linaweza kuwa na kanzidata yake Cape Town au Ireland, pengine bila mwenyekiti wala mhasibu kujua iko wapi. Kijana wa TEHAMA alisema mfumo unakwenda winguni, bodi ikaitikia, ikapitisha bajeti.

Kanzidata ninayoizungumzia ni ile ya majedwali yanayohusiana: jedwali la wanachama, la mikopo, la marejesho, kila moja likilitambua jingine kwa namba. Msingi wake uliwekwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California. Mitindo mingi imekuja na kupita tangu wakati huo, na bado fedha za watu zinahesabiwa kwa majedwali hayo. Mhasibu ataelewa haraka sababu yake: muamala ama unaingia wote, ama hauingii kabisa. Shilingi haitoki kwenye akaunti ya Asha bila kuingia kwenye ya Juma, hata umeme ukikatika katikati.

Sasa, mwenye wingu anabeba nini hasa? Anabeba mashine, diski, mfumo endeshi na viraka vyake vya usalama. Anachukua nakala rudufu kila siku na kutunza kumbukumbu ya kila badiliko, kiasi kwamba unaweza kuomba upate kanzidata kama ilivyokuwa jana saa nane na dakika kumi mchana. Kwa RDS, kumbukumbu hiyo inaweza kurudi nyuma hadi siku 35, na kwa kawaida inafika hadi dakika tano zilizopita. Ukilipia seva ya akiba katika jengo jingine, siku ile kuu ikianguka ya akiba inashika nafasi yake yenyewe, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili. Si mambo madogo hayo. Ofisi yenye fundi mmoja wa kompyuta, ambaye huyohuyo ndiye anayebadilisha wino wa printa, haiwezi kuyafanya kwa uhakika wa namna hiyo. Ndiyo maana kwa taasisi nyingi ndogo nasema kodi, usijiendeshee.

Lakini kuajiri mlinzi wa usiku hakumwondolei mwenye nyumba wajibu wa kufunga mlango. Ulizo ambalo programu inaipelekea kanzidata, likiandikwa vibaya, litabaki baya hata winguni. Jedwali lisilo na faharasa litazidi kuwa zito kadiri wanachama wanavyoongezeka. Nenosiri lililobandikwa ukutani ni tatizo lako. Na mfanyakazi mwenye ruhusa akifuta jedwali la mikopo, wingu litatii, na seva ya akiba nayo italifuta dakika hiyohiyo, kwa sababu kazi yake ni kufuata kila kinachofanywa kwenye ile kuu. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Seva ya akiba inakukinga mashine ikifa. Nakala rudufu inakukinga binadamu akikosea. Aliyelipia moja hajalipia nyingine. Na kuna kipengele kinachowaponyoka wengi: ukiifuta kanzidata yenyewe kwenye RDS, nakala zake za kila siku zinafutwa pamoja nayo usipochagua zibaki. Zinazosalia bila kuulizwa ni zile ulizochukua kwa mkono.

Wengi wanaanza kwa kulinganisha wauzaji: huyu ana bei gani, yule ana sifa gani. Naona ni kuanzia mwisho. Anza na injini, yaani programu ya kanzidata yenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo utakayoishi nayo hata ukibadili muuzaji mara tatu. PostgreSQL ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, chini ya Michael Stonebraker. Leo inaendelezwa na jumuiya ya watu na kampuni nyingi, na hakuna tajiri mmoja anayeimiliki. MySQL ilizaliwa Sweden na kutolewa mwaka 1995. Kampuni yake ikanunuliwa na Sun mwaka 2008 kwa dola bilioni 1, na Sun yenyewe ikamezwa na Oracle mwaka 2010. Mmoja wa waasisi wake, Michael Widenius, hakuridhika. Akachukua msimbo wa programu ileile, ambao leseni ya programu huria ilimruhusu kuuchukua, akaanzisha MariaDB na kuipa jina la binti yake Maria, kama alivyoipa MySQL jina la binti yake mwingine, My.

Historia hiyo ina maana kwenye mkataba wako. PostgreSQL ya kawaida inauzwa na Amazon, Google, Microsoft, DigitalOcean na wengine wengi. Siku muuzaji akipandisha bei, unachota data zako kwa zana zilezile na kuzimwaga kwa jirani yake, au kwenye seva yako mwenyewe. SQL Server ya Microsoft na Oracle ni injini imara, na benki zina sababu zake za kuzitumia, lakini leseni zake zinaweza kuzidi gharama ya mashine zinazozibeba. Kama mfumo ulioununua umefungwa kwenye mojawapo, huna la kuchagua. Kama unaanza upya, mimi ningechukua PostgreSQL na nisiangalie nyuma.

Kisha kuna zile za daraja la juu. Aurora ya Amazon, iliyotangazwa mwaka 2014, inaandika kila kitu nakala sita katika maeneo matatu yaliyotengana. AlloyDB ya Google ilifuata mwaka 2022. Spanner, ya Google pia, inatumia saa za atomiki na vipokezi vya GPS ili mashine zilizotawanyika mabara tofauti zikubaliane ni muamala upi ulitangulia. Ni kazi za kihandisi zinazostahili heshima kubwa. Ila SACCOS yenye wanachama 4,000 haina tatizo hata moja ambalo zimebuniwa kulitatua. Data zake zote zinaweza kukaa kwenye gigabaiti chache. Muuzaji akikusogezea hizo kwanza, mrudishe kwenye ya kawaida, umuulize kasoro yake ni ipi kwa mzigo wako wewe, kwa tarakimu.

Suala la umbali linahitaji nafasi zaidi, kwa sababu wateja wengi wa huku wanalipia kasi wasiyoipata. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takribani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Dublin, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 8,000. Kwenda na kurudi, hata kama waya ungenyooka namna hiyo, ni milisekunde 80. Cape Town ni kama kilomita 3,700, yaani milisekunde 37 kwenda na kurudi. Nyaya za baharini zinazunguka na zinapita vituo vingi, hivyo muda halisi ni mkubwa zaidi ya huo. Hakuna pesa inayoweza kuushusha chini ya hapo.

Kwa mtu anayefungua ukurasa mara moja, milisekunde 80 si kitu. Hesabu inageuka pale programu inapokuwa kwenye seva ya ofisini Dar na kanzidata ikawa Ireland. Ukurasa wa taarifa ya mwanachama unaweza kuiuliza kanzidata mara 40: jina, hisa, akiba, mikopo, wadhamini, marejesho ya kila mwezi. Kila ulizo likisubiri lililo mbele yake lijibiwe, 40 mara 80 ni milisekunde 3,200. Mwanachama amesimama dirishani zaidi ya sekunde tatu, na mashine zote mbili hazifanyi lolote muda mwingi wa huo, zinasubiri waya. Karani ataambiwa seva ni ndogo, bodi itaidhinisha seva kubwa, na sekunde tatu zitabaki palepale. Dawa yake haihitaji hela nyingi. Hamishia programu kwenye eneo lilelile la vituo vya data, au kanda, lenye kanzidata, na kila ulizo litachukua milisekunde moja hivi au pungufu. Bahari inavukwa mara moja tu, ukurasa ukiwa umeshakamilika. Programu na kanzidata zikae pamoja, iwe Ireland, Cape Town au chumba cha seva pale Posta. Kuzitenganisha ndilo kosa.

Safaricom ilipoanzisha M-Pesa Kenya mwaka 2007, mashine za huduma hiyo zilikuwa Ulaya, na zilibaki huko miaka kadhaa. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015, wakati ambapo taifa zima lilikuwa likilipana kwa simu. Kwa kampuni ya ukubwa ule, kusogeza mashine nyumbani kuliwezekana. Kwa wengine, chaguo la karibu kwa muda mrefu limekuwa Afrika Kusini: Microsoft walifungua kanda Johannesburg na Cape Town Machi 2019, Amazon wakafungua Cape Town Aprili 2020, na Google wakafika Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Mwezi Mei mwaka huo Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza uwekezaji wa dola bilioni 1 nchini Kenya, ukiwa na kituo cha data kilichopangwa kutumia mvuke wa ardhini wa Olkaria. Tangazo ni jema, lakini mfumo wako haukai kwenye tangazo. Panga kwa kanda iliyofunguliwa na yenye bei zilizochapishwa.

Ukaribu nao una mtego wake. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kwenye pwani ya kusini mwa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Aliyekuwa amehamia Afrika Kusini ili awe karibu alikuta ni njia hiyohiyo iliyokatika. Miezi michache kabla, Februari, nyaya za upande wa Bahari ya Shamu nazo zilikatwa, na wenye kanzidata Ulaya wakaipata zamu yao. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoa huduma wako wa intaneti, kabla hata ya mwenye wingu, ni hili: njia ya kwanza ikikatika, data zangu zinapita wapi? Na swali la kujiuliza wewe: karani anaweza kupokea marejesho siku mbili bila kanzidata, kwa stakabadhi za karatasi, kisha akayaingiza baadaye bila kuharibu hesabu? Zahanati inayotoa dawa haiwezi kusema subiri waya utengenezwe. Kwa mahali kama hapo ningetaka seva ndogo ndani ya jengo lenyewe, na wingu liwe la nakala na taarifa.

Ankara inakuja kwa dola, ilhali ada za wanachama zinaingia kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola moja Kenya ilikuwa kama shilingi 113, na Januari 2024 ilikuwa imegusa 160. Ankara ya dola 500 kwa mwezi ilitoka shilingi 56,500 hadi 80,000, bila mteja kuongeza hata jedwali moja. Shilingi baadaye ilipata nguvu tena, lakini bajeti ya mwaka haikujua kwamba hilo litatokea. Tanzania nako shilingi ilishuka katika miaka hiyo. Ukiandika bajeti ya wingu, iandike kwa dola, uweke nafasi ya kuyumba kwa thamani ya fedha, kisha ongeza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya na Tanzania sasa zinaitoza kwenye huduma za kidijitali kutoka nje.

Bei inayotajwa kwenye tangazo ni ya mashine. Seva ya akiba inaizidisha karibu mara mbili. Diski ina bei yake. Nakala zinazozidi kiwango cha bure zina bei yake. Aurora ya kawaida inatoza pia kila mara inaposoma au kuandika kwenye diski, kwa hiyo ulizo moja baya linalopekua jedwali zima kila dakika linakuwa mstari kwenye ankara. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Mei 2023 Amazon walileta mpango mwingine usio na tozo hiyo, wenye mashine na diski za bei ya juu zaidi. Kutoa data nje ya wingu kunatozwa kwa gigabaiti. Mwaka 2024, huku sheria mpya ya data ya Umoja wa Ulaya ikikaribia, Google, Amazon na Microsoft walitangaza kuondoa tozo hiyo kwa mteja anayehama kabisa. Anayetoa nakala kila siku kupeleka kwingine bado analipa.

Mashine za daraja la chini zina tabia ya kukusanya akiba ya nguvu zinapopumzika na kuitumia zinapoelemewa. Mwezi mzima zinakwenda vizuri. Tarehe ya mwisho, SACCOS inapopiga hesabu ya riba kwa wanachama wote, akiba inakwisha, na kutegemea aina ya mashine, ama kila kitu kinadorora ama unaanza kutozwa ziada. Ukipima huduma kwa majaribio ya wiki ya katikati ya mwezi hutaona lolote.

Kuna mstari mmoja wa ankara ninaotaka kila mhasibu aujue kwa jina. Matoleo ya kanzidata yanazeeka, na yakishaachwa na watengenezaji wake, RDS inaendelea kuyatunza kwa malipo inayoyaita Extended Support. Kwa MySQL 5.7 tozo hiyo ilianza Machi 2024, na kwa PostgreSQL 11 ilianza Aprili. Kwa bei za kanda ya Amazon ya Virginia, Marekani, ilianza kwa senti 10 za dola kwa kila kiini cha prosesa kwa saa. Inasikika ndogo. Mashine ndogo kabisa ya aina ya t3 ina viini viwili, na kwa saa 730 za mwezi inafika dola 146. Mashine yenyewe inagharimu kama dola 12. Aliyekuwa amesahau kupandisha toleo alijikuta analipa adhabu mara kumi na mbili ya kodi. Tiba yake ni kazi ya mchana mmoja au wiki moja, kutegemea mfumo ulivyoandikwa, kwa hiyo mkataba na aliyekutengenezea mfumo useme wazi nani anapandisha toleo na lini.

Na ukizima kanzidata ya majaribio ili usilipie, RDS inaiwasha yenyewe baada ya siku saba. Watu wanafahamu hilo mwisho wa mwezi.

Za bure nazo zina mahali pake. Supabase inatoa PostgreSQL ya bure yenye megabaiti 500, na mradi usiotumika kwa wiki moja unasimamishwa. Kwa mwanafunzi anayejifunza ni neema kubwa, na ninawahimiza walimu wa vyuo waitumie. Kwa biashara, rahisi ghali. Heroku walifuta kanzidata zao za bure Novemba 2022, na PlanetScale wakafuata mwaka 2024, na wote walitoa notisi kwa barua pepe. Ikiwa barua pepe ya usajili ilikuwa ya kijana aliyeshaacha kazi, notisi hiyo ilikwenda kwake. Akaunti ya wingu isajiliwe kwa anwani ya taasisi, na kadi ya malipo iwe ya taasisi. Nimekuta shirika ambalo halikuweza kuingia kwenye kanzidata yake lenyewe kwa sababu nenosiri na simu ya uthibitisho vyote vilikuwa vya mtu aliyeondoka kwa ugomvi.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake inataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili. Kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti. Kenya ina sheria yake ya 2019, inayompa waziri uwezo wa kutaka aina fulani za data zichakatwe kwenye seva iliyo nchini. Kuchagua kanda winguni, kitendo cha kubofya orodha mara moja, ni uamuzi wa kisheria. Hospitali na taasisi za fedha zisimwachie fundi peke yake. Mwanasheria aone jina la kanda hiyo kabla mgonjwa wa kwanza hajaingizwa.

Hata mwenye wingu mkubwa huteleza. Mwezi Mei 2024, mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulipoteza mfumo wake uliokuwa Google Cloud kwa sababu mpangilio mmoja ulikuwa umeachwa bila kujazwa upande wa Google. Kufutwa huko kulipita kwenye maeneo mawili kwa pamoja, yale yaliyokusudiwa kukingana. Haikuwa huduma ya kanzidata hasa, bali mazingira ya mashine zao, lakini funzo kwa mwenye kanzidata ni lilelile. UniSuper walikuwa wameweka nakala kwa mtoa huduma mwingine pia, na zilisaidia sana kurudisha mfumo. Wanachama walikaa takribani wiki nzima bila kuona akaunti zao, ila akiba zao zilikuwa salama. Nakala moja ikae nje ya mwenye wingu wako, kwa akaunti nyingine na nenosiri jingine. Kwa data za gigabaiti chache, gharama yake kwa mwezi haifiki bei ya chai ya kikao.

Baada ya yote hayo, kinachonifanya nimwamini au nisimwamini muuzaji ni zoezi la kurejesha. Chukua huduma mbili unazozifikiria, weka nakala ya data zako, kisha fuata utaratibu wa msiba. Kwa SACCOS, siku nzuri ni Jumamosi baada ya kufunga hesabu za mwezi. Mhasibu achapishe urari wa Ijumaa jioni na auweke mezani. Fundi aambiwe: jedwali la mikopo limefutwa leo saa nne asubuhi, irudishe kanzidata ilivyokuwa saa tatu na dakika hamsini. Saa ianze kuhesabiwa hapo.

Mambo yatakayojitokeza hayamo kwenye kipeperushi chochote. Fundi atagundua kwamba huduma hairejeshi juu ya kanzidata iliyopo, inafungua mpya yenye anwani mpya, na hakuna anayekumbuka anwani ya zamani imeandikwa wapi ndani ya programu. Atagundua kwamba kanzidata mpya haina ruhusa za mtandao za ile ya zamani, hivyo programu inagonga mlango na haifunguliwi. Atagundua kwamba PostgreSQL, kwa mpangilio wake wa asili, inapokea miunganisho 100 tu, na programu ikiwashwa upya matawi yote yanaingia kwa mkupuo na kuimaliza. Data zikisharudi, diski zinaweza kuwa nzito kwa muda kwa sababu bado zinavutwa kutoka ghalani. Kila jambo kati ya hayo ni dakika 20 au saa moja, na siku ya msiba wa kweli ni dakika za wanachama wakiwa mlangoni.

Kisha mhasibu, si fundi, ndiye aseme kama kazi imekwisha. Ahesabu mistari ya jedwali la miamala. Ajumlishe akiba, ajumlishe mikopo, alinganishe na urari ulio mezani hadi senti ya mwisho. Afungue wanachama watano anaowafahamu na asome marejesho yao ya mwisho. Jumla zikilingana, saa isimamishwe. Muda huo, kwa saa na dakika, uandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha bodi pamoja na jina la huduma na tarehe, na bei za wauzaji hao wawili zijadiliwe baada ya hapo.